Mjomba Ameonja

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo, na uipokee vizuri, maana inatoka kwa mtu ambaye juzijuzi hapa taya lake lilikuwa limefungwa hata salamu ilishindwa kupita. Natumaini barua hii itakukuta goti lako limepoa, shemeji yangu anakoroma kwa afya njema, na lile bati la uani lililokuwa likipiga kelele kwenye upepo mmeshalipigilia misumari. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, mnene na mkali. Watoto wazima. Mimi mwenyewe naendelea, ila shavu la kushoto bado limetuna kidogo, na wifi yako anasema liachwe hivyohivyo, maana sura yangu ya zamani nayo haikuwa ya kuwekwa ukutani.

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Umeuliza hali ya kinywa changu, kisha ukaingia kwenye jambo lenyewe, binti yako. Unasema tangu arudi nyumbani hashiki chungu. Hata chai anaogopa kuitia sukari mpaka akuulize wewe inatosha au bado. Yule mama mwenye nyumba ya wageni anamtaka akawe mpishi wake mkuu, naye anakataa, anasema ulimi wake ni mbovu, mjomba ndiye aliyemwambia, na mpaka mjomba aseme vingine hatagusa jiko la mtu. Ukaniandikia, kwa mwandiko ule wako wa kukandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka, kwamba nikwambie kweli: mtoto ana ulimi au hana? Maana mama huyo naye hawezi kuacha wageni wake na njaa akimsubiri.

Nitakujibu, dada. Lakini unanijua. Tangu utotoni ukinituma dukani napitia kwa kila jirani, na kurudi nyumbani chumvi imeshayeyuka mfukoni. Ndiyo maana mkaniita Kidomo. Nivumilie nianze na kinywa.

Tatizo lilikuwa magego yangu ya mwisho ya chini, la kulia na la kushoto. Daktari wa meno, kijana mwenye vidole vyembamba kama vya mtu anayefuma vitambaa, aliniwekea picha ya eksirei kwenye mwanga akanieleza kwamba magego haya hayakuota kama ya binadamu wengine. Yalikuwa yamelala ubavu ndani ya taya kama walevi mtaroni, na chini ya moja kulikuwa na kifuko cha maji kilichokuwa kikila mfupa taratibu. Akasema hakuna namna, lazima wapasue. Nikamwuliza kama hatuwezi kuwaacha walevi walale, mimi si mtu wa kuamsha watu. Hakucheka. Nadhani madaktari wa meno hawacheki kwa kuogopa tutawakagua na wao.

Nilirudishwa nyumbani na pamba mdomoni, na bandeji iliyotoka chini ya kidevu ikapanda mpaka utosini ikafungwa fundo. Nilifanana na maiti aliyebadili mawazo. Mtoto wangu wa mwisho aliponiona alitoka mbio kwenda kumwuliza mama yake kama tunazika leo au kesho. Na masharti, dada! Nisiseme. Nisile cha moto. Nisinyonye kitu kwa mrija. Nisiteme kwa nguvu. Nilale kichwa juu ya mito. Wifi yako aliyasikiliza masharti hayo kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani aliofaulu. Alisema tangu tuoane hajapata likizo nzuri namna ile. Akavuta kigoda karibu na kitanda, akakunja mikono, akanieleza makosa yangu yote kuanzia wakati wa uchumba, kwa utaratibu, bila kukatizwa. Mengine nilikuwa nimeshayasahau. Machache nadhani aliyaongeza, lakini nitabishaje na mdomo umejaa pamba?

Sasa, unajua nyumba tunayokaa ni ya kiwanda, nayo imepakana na ukuta wa nyuma wa bwalo la chakula ninakopikia. Nikiwa kitandani nasikia mifuniko inavyoanguka, namsikia mmenya viazi akiimba vibaya, na kwa harufu tu najua kitunguu kimeingia mafutani au bado. Ni mateso kwa mpishi kulala pale. Ni kama fundi seremala alale akisikia mtu mwingine anapiga randa mbao zake.

Jikoni kwetu kuna utaratibu ambao niliukuta, nami nikaukaza. Sufuria haiendi dirishani kugawiwa mpaka mpishi mkuu aonje, kisha agonge ukingo wake kwa mwiko, ko, ko. Sufuria isiyogongwa ni kama haijaiva. Msaidizi anaweza kupika kila kitu tangu moto unawashwa, lakini kugonga hagongi. Mzee aliyenitangulia aliwahi kuugua akawa anapelekewa mchuzi kitandani auonje huko, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea. Kwa hiyo si ajabu niliyoianzisha mimi.

Niliporudi na bandeji yangu, meneja alimwambia binti yako, msaidizi wangu, agonge mwenyewe, kazi iendelee. Meneja alipotoka, akakataa. Nimesimuliwa kwamba alisema mbele ya jikoni zima kuwa mwiko una mwenyewe, na mwenyewe hajafa, yuko hapo nyuma ya ukuta. Wamenya viazi wakamcheka, wakambandika jina la Mjane wa Mwiko, na kila akipita wanampa pole ya msiba. Yeye hakujali. Unamjua mwanao, ukimsifu anakwenda, ukimcheka anakwenda.

Basi kila siku kabla ya kengele ya chakula alikuwa akikatiza uani na chupa ya chai mkononi, mchuzi wa siku hiyo ndani yake, na kikombe cha bati. Anaketi ukingoni mwa kitanda, ananimiminia kidogo, anasubiri upoe, ananipa. Na kwa kuwa nilikuwa sina ruhusa ya kusema, tulitunga alama. Kidole juu, ongeza chumvi. Kiganja chini, imezidi, izimuliwe. Kidole kikizunguka, ndimu. Ngumi, sawa, nenda kagonge kwa niaba yangu. Wifi yako alikuwa akisimama mlangoni na taulo begani akituangalia, na alisema hajapata kuona hakimu aliyefungwa kilemba kichwani akitoa hukumu kwa kidole kimoja.

Siku ya kwanza nilionja, nikapandisha kidole. Binti yako aliniangalia, akaangalia kikombe. Akamimina kidogo kwenye kiganja chake, akaonja mwenyewe. Unajua anavyoonja, anafumba macho kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Hilo sikumfundisha mimi. Kukata kitunguu nilimfundisha, kupanga moto nilimfundisha, kuonja alikuja nako kutoka tumboni mwako. Akafumbua macho, akaniuliza polepole kama nina hakika. Nikapandisha kidole juu zaidi. Akasema sawa, mjomba, akaondoka. Na kule jikoni, wenzake walipomwona anachota chumvi tena wakamwuliza ana wazimu, aliwaambia mjomba ameonja. Neno hilo lilimaliza ubishi wote.

Mchana huo, dada, watu walipanga foleni ndefu bombani kuliko ya dirishani. Mwendesha mashine ya kukata mabati, mtu mmoja mwenye mdomo kama msumeno wake, alitangaza kwamba binti ameachwa na mchumba na machozi yote kayamalizia sufuriani. Bwalo zima likacheka. Siku ya pili nilipandisha kidole tena, na kesho yake nikaona nigeuze mambo, nikateremsha kiganja. Ukatoka mchuzi kama maji ya kuoshea sahani. Yule wa mabati akasema leo binti amepatana na mchumba, hana tena machozi. Siku ya ndimu sikusimuliwa vizuri, nilisikia tu kwamba watu walikuwa wakila na jicho moja limefumba.

Kila siku alikuja. Kila siku aliuliza kama nina hakika. Mara moja alisema, huku akiangalia sakafu, kwamba kwake yeye ulimi unamwambia kingine, lakini labda ulimi wake umechoka kwa moshi. Nikampigapiga mkono kumliwaza. Mkono ule ulikuwa baridi.

Kisha mzee mmoja wa ghala, mwenye presha, akala sahani nzima kwa sababu binti yako alimwomba asiiache. Alimwonea haya kukataa. Jioni ikabidi abebwe kwenda zahanati. Alipona, usiogope, yuko kazini na bado anasinzia juu ya magunia kama zamani. Lakini siku hiyo meneja alimwita binti yako ofisini akamwuliza kulikoni. Muoshaji masufuria mmoja alikuwa amemnong'oneza meneja kwamba chakula kinaonjwa kwangu kwanza. Binti akakana. Alisema mjomba ni mgonjwa, hajui lolote, mkono ni wake na kosa ni lake. Alinificha, dada. Alidhani anauficha ugonjwa wangu, ili watu wasije wakasema mzee kazeeka, makali yamekwisha.

Meneja hakutosheka, akaja kunitazama. Aliniletea karanga za kukaanga, mimi mwenye nyuzi mdomoni. Akaketi kwenye kigoda cha wifi yako, akaniuliza moja kwa moja kama ni kweli nimekuwa nikionja. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuruhusiwa maneno mafupi. Ndiyo ni neno fupi. Nilishika shavu, nikafumba macho, nikagumia. Meneja akaiangalia bandeji, akaliangalia beseni lenye mate ya damu, akamgeukia wifi yako, akasema amejiona mjinga hata kuuliza, mtu ambaye maji yenyewe yanamshinda ataonjaje mchuzi. Meneja alipoondoka, wifi yako aliniuliza kwa nini sikusema. Nikamwonyesha taya. Taya lililofungwa, dada, ni kisingizio ambacho hakuna anayekidai risiti.

Hata uongo sikuhitaji kusema. Niligumia tu.

Binti yako akafukuzwa kazi, aproni yake waliichukulia getini. Wenzake wakamwimbia lile jina la Mjane wa Mwiko mpaka alipovuka barabara, yule mmenya viazi akiongoza kwa sauti yake mbaya.

Kesho yake, kabla ya kupanda basi kuja kwako, alikuja kuniaga. Alikuwa na ile chupa ya chai. Alikuwa amepika supu ya viazi na kitunguu kwenye jiko lake mwenyewe, chumbani kwake, na alisema hana lawama na mtu, ana ombi moja tu. Alisema supu hii ameipika kwa jinsi ulimi wake unavyomwambia, hajamwuliza mtu. Nionje, nimwambie kama kuna kitu humo. Kama ulimi wake ni mzima atatafuta jikoni kwingine. Kama umeharibika ni afadhali ajue mapema kutoka kwangu, asije akaaibika kwa watu baki.

Nikaonja. Nilipiga funda la kwanza, nikapiga la pili. Aliniangalia kama mtoto anayemwangalia mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Bandeji ilikuwa imeshatolewa, nilikuwa naweza kusema vizuri tu. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa upole, maana mimi ni mpole: mwanangu, si kila mtu amejaliwa ulimi. Kuna wa kupika na kuna wa kula. Usijilaumu.

Hakulia. Alisema ahsante, mjomba. Akakisuuza kikombe, akaisuuza chupa, akaviinamisha mezani vikauke, akatoka. Supu iliyobaki kwenye sufuria ndogo alimwachia wifi yako. Wifi yako aliimaliza jioni ile kwa kusimama, akiwa na mwiko mkononi, na alipomaliza aliulamba.

Sasa, dada, kama umesimama tafuta pa kukaa.

Sina ulimi. Kwa maana ya kuonja, sina. Tangu waamshe wale walevi wawili, mbele yote ya ulimi wangu ni ganzi, kulia na kushoto. Nikiung'ata sijui. Nyuma kabisa, karibu na koo, nasikia uchungu wa dawa na si kingine. Kumbe daktari alikuwa ameniambia kabla, kwamba kuna mishipa ya fahamu imepita jirani na magego, na ikiguswa ladha inaweza kuondoka. Mimi wakati ule nilikuwa nafikiria mzaha wa kumtolea. Nimerudi kwake, amenipimapima kwa sindano na pamba, akasema huenda hisia zikarudi na huenda zisirudi. Wengine hubaki hivyo. Safari hii nilitamani acheke yeye.

Na nililijua mapema. Hili ndilo linalonifanya niandike polepole. Asubuhi ileile ya siku ya kwanza, kabla binti yako hajaleta chupa, wifi yako alinichanganyia maji ya vuguvugu na chumvi nisukutue. Nikasukutua, nikamwashiria kwamba amesahau chumvi. Akayaonja, akayatema beseni, akasema maji hayo unaweza kukaushia samaki. Kisha nikapiga paja na kucheka kwa macho, kumwonyesha nilikuwa namtania, naye akanichapa na taulo. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mtu wa mizaha. Siku ukweli ukikuponyoka unaugeuza utani, na hakuna atakayeufuatilia.

Kwa hiyo binti yako alipoketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha bati, nilikuwa najua naonja maji moto. Utaniuliza kwa nini basi nilipandisha kidole. Nami nimejiuliza. Kwanza nilidhani ladha itarudi kufikia jioni. Halafu, mpishi mkuu akiletewa chakula lazima aseme kitu. Akitoa ngumi kila siku watu wataona hana kazi. Lakini ngoja nikukwangulie na ukoko, kwa kuwa wewe nikikudanganya utanishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga kama ulivyokuwa ukifanya. Siku niliyokuwa hospitali, sufuria ilitoka bila kugongwa. Binti yako alipika, hakugonga, ikaenda hivyohivyo. Na watu walilamba sahani. Meneja alikuja wodini kunijulia hali, akanisimulia jambo hilo kwa furaha, akidhani ananifariji. Alisema niugue kwa raha zangu, jikoni hakuna pengo. Yule wa mabati naye alituma salamu kwamba nisifanye haraka kupona.

Hapo ndipo kidole kilipopandia, dada. Nilikuwa sijui mchuzi ule una nini. Nilichokijua ni kwamba vyovyote ulivyo ni sawasawa, maana umepikwa na yeye, na kwamba nikiugusa utaharibika.

Kwa hiyo swali lako jibu lake ni hili: ulimi wa mwanao ni mzima. Si mzima tu. Ni bora kuliko wangu nilipokuwa nao, na mimi nilikuwa na ulimi.

Ungeweza kuikunja barua hapa ukamkimbilia na habari. Subiri.

Nimerudi kazini. Nasimama kwenye masufuria na mwiko wangu, napeleka puani. Pua ni nzima na inanisaidia sana. Kitunguu kikiungua najua, maziwa yakigeuka najua. Lakini chumvi haina harufu, dada. Umewahi kulifikiria hilo? Wala sukari. Miaka yote hii jikoni sikuwahi kulifikiria. Basi nagonga, ko, ko, kisha najifanya napanga vijiko karibu na dirisha, namtazama uso mtu wa kwanza kula. Akitazama bomba nimekwisha. Msaidizi mpya waliyenipa hanifai kitu, kila ukimwonjesha anasema tamu, hata ukimpa maji ya mchele. Juzi meneja alikula nusu sahani akaiacha, akaniambia labda nimewahi mno kurudi. Ukiona meneja anakuhurumia, anza kufunga mizigo. Na nikitoka jikoni natoka na nyumbani, maana nyumba ni ya kiwanda. Kwa umri huu, na wifi yako, na watoto, nitakwenda kupika wapi bila ulimi? Wewe mwenyewe utatupokea wote hapo, chini ya bati lile?

Nahitaji ulimi, dada, na nimeshaupata. Masinki ya kuoshea yako hatua chache tu kutoka kwenye majiko. Nimemwomba meneja amrudishe binti yako, si kwenye sufuria, hapana, hiyo haikubaliki tena, bali kwenye kuosha. Amekubali kwa heshima yangu. Akasifu na moyo wangu. Mimi nitakuwa nikichota mchuzi kwa kijiko, najifanya naonja, kisha nampa kijiko akioshe. Hawezi kukiosha bila kukilamba. Ni mazoea, hata hajui kama anafanya. Atafumba macho, na mimi nitamtazama. Chumvi ikizidi paji la uso linamkunjamana, ikipungua anameza mate mara ya pili, ikiwa sawa hafanyi chochote. Uso ule nimeusoma tangu hajaota meno. Hatahitaji kusema neno, wala sitahitaji kumwuliza. Wala hatajua.

Na ili ifanyike hivyo lazima abaki anaamini ulimi wake ni mbovu. Mtu anayejua ana ulimi hasimami sinki.

Najua unavyoniita sasa hivi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe uliishona wewe. Unafikiria utamwambia kila kitu, umpandishe basi aende kwa yule mama wa nyumba ya wageni. Ndiyo maana nilisema usubiri. Yule mama alikuja hapa bwaloni wiki iliyopita, na mwavuli wake, mtu mstaarabu sana. Alitaka kusikia kutoka kwangu niliyemfundisha binti. Alisema yuko tayari kumbembeleza hata mwezi mzima kama mimi nitamhakikishia. Nilimketisha, nikavuta pumzi ya mjomba mwenye uchungu, nikamwambia kwamba damu ni damu, lakini siwezi kumdanganya, mtoto hana ulimi, na kuna mzee alibebwa kwenda zahanati. Akanishukuru. Alisema si wajomba wengi wangekuwa wakweli kiasi hicho. Jana nimesikia ameshapata mpishi mwingine.

Kwa hiyo ukimwambia, utamwambia na hilo. Utamrudishia ulimi na papo hapo umwambie kazi imekwenda, jina limeharibika, na aliyeyafanya yote ni mjomba yuleyule ambaye yeye alimfichia aibu ofisini kwa meneja. Ataufanyia nini ulimi huo? Mimi naona afadhali asijue. Nakuandikia wewe kwa sababu umeuliza, na kwa sababu nakujua. Utalia, utanilaani mpaka goti likuume, hutakula chakula cha usiku huo. Asubuhi utampigia pasi nguo zake.

Mwambie mjomba amesema anamsamehe, na nafasi ya sinki inaanza Jumatatu.

Nisalimie shemeji, mwambie akorome taratibu. Nisalimie na majirani wote wanaonikumbuka. Wifi yako anakusalimu, ingawa siku hizi hanisemeshi sana, na sijamwambia ninachoandika. Binti aje na viatu vya mpira, sakafu ya pale sinki haikauki. Kisu chake cha jikoni akiache nyumbani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kidomo